Uzoefu wangu: nilikodi panya waliofundishwa kwa tangazo la mahindi hapa Kampala

Nianze na jibu kabisa maana wengi mnataka kujua kitu kimoja tu, je inalipa? Inalipa. Kama una tangazo au filamu yenye panya ndani yake na uko Kampala au karibu, kodi panya waliofundishwa pamoja na mwenye kuwafundisha, usimtume kijana wa seti akatege mmoja stoo. Sasa wacha nieleze kwa nini nalisema kwa nguvu hivi.

Mimi nafanya prodaksheni, matangazo ya TV na ya kwenye simu zaidi. Safari hii mteja anauza mapipa ya bati ya kuhifadhia nafaka, na mnakumbuka Kenya walivyozuia mahindi yetu Machi 2021 kwa ajili ya aflatoksini, ile sumu ya ukungu, tangu hapo habari ya kuhifadhi mahindi vizuri inaongelewa hata na watu ambao zamani walikuwa wanarundika magunia chini sakafuni basi. Mteja akataka tangazo la Kiswahili, lifike Busia, Malaba mpaka kwa wenzetu ng'ambo ya mpaka. Stori yenyewe fupi: panya anatoka nyuma ya gunia, anakimbia juu ya ubao, anafika kwenye gunia la pili anachukua punje ya mahindi anaitafuna huku anaangalia kamera, halafu anaenda kwenye pipa, anasimama kwa miguu ya nyuma, ananusa, anazunguka, anakosa pa kuingilia, anaondoka. Kwenye karatasi ni mistari michache tu. Na mteja alishasema hataki katuni wala panya wa kompyuta, anataka panya ambaye mkulima akimwona atasema huyu ndiye anayenimaliza.

Nimewahi kuwa kwenye seti ya watu wengine, siwataji, walitumia panya wa kutegwa. Walimfunga uzi wa kuvulia samaki mkiani. Yule mnyama alikuwa anatetemeka hivi hivi kwa macho unaona, akamng'ata kijana wa propu kidole, kijana akapelekwa kliniki kuchomwa sindano, na panya akafia pale pale kwenye joto la taa kabla ya jua kutua. Hakuna hata klipu moja iliyofaa. Mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma, kwa kijana na kwa yule mnyama. Halafu ni hatari kweli, mkojo wa panya wa porini na wa stoo unabeba vijidudu vya ugonjwa viitwavyo leptospira, na huko West Nile tauni watu wanaijua siyo kwa kusimuliwa. Dada anayefundisha panya, yule niliyemkodi, ni mtu wa Arua, huko huko West Nile, aliniambia, "Kaka, kwetu ukiona panya wanakufa ovyo ndani ya nyumba huwashiki, unaenda kutoa taarifa kituo cha afya." Kwa hiyo panya wa mtaani hamgusi kabisa, wake wote wamezaliwa mikononi mwake, ni wale wa kufugwa, jamii ile ya panya wa maabara, wengine weupe wengine wa rangi ya udongo.

Hapendi jina lake litajwe mitandaoni kwa hiyo nitamwita dada tu. Anakaa upande wa barabara ya Entebbe, na chumba cha panya ni kisafi kuliko vyumba vingi vya wageni nilivyolala kazini. Alianza kwa kufuatilia wale panya wa shirika la APOPO wa Morogoro, Tanzania, pale Chuo cha Sokoine, wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Kama humjui Magawa, huyo ni panya wao aliyefanya kazi Kambodia, alinusa mabomu ya ardhini 71, mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na PDSA, shirika la kutibu wanyama la Uingereza, akafa Januari 2022. Ila wale ni panya buku, wakubwa, wanafika uzito wa kilo na zaidi na wanaishi hata miaka minane. Hawa wa dada ni wadogo na maisha yao ni miaka miwili, mitatu akibahatika, kwa hiyo panya akishaiva kikazi muda wake siyo mrefu. Lakini namna ya kufundisha ni ile ile, sauti na chakula.

Nilikaa kumwangalia akifundisha kabla ya kusaini chochote na nashauri nanyi mfanye hivyo. Ana kidude cha kubofya kinalia tak. Mwanzo panya hafanyi kitu chochote, tak, anapewa kipande cha karanga, tak, karanga, mpaka ile sauti yenyewe iwe na maana kwake. Baada ya hapo ile tak ndiyo inamwambia "hapo hapo, hicho ulichofanya sasa hivi ndicho", kwa sababu chakula kinachelewa kidogo kufika na panya angeshasahau alikuwa anafanya nini. Halafu kuna kijiti chenye shanga ya mbao mwishoni, panya anajifunza kukigusa kwa pua, na kijiti kikienda juu naye anasimama, kikienda kushoto anageuka kushoto. Kitu kilichonishangaza ni kwamba mlolongo mrefu anaufundisha kuanzia mwisho. Kwanza kuingia kwenye kisanduku chake kengele ikilia, hapo ndipo penye zawadi kubwa, kipande cha mukene, yaani dagaa. Kisha kuzunguka pipa halafu kisanduku. Kisha kunusa, kuzunguka, kisanduku. Kwa njia hiyo panya kila akienda mbele anaenda kwenye kitu anachokijua tayari, hana wasiwasi. Na hawashindishi njaa, anafanya nao mazoezi kabla ya mlo wao wa jioni tu, wanakuwa na hamu lakini siyo mateso.

Anawatekenya pia. Ndiyo, kwa vidole, tumboni na shingoni, nao wanamfuata mkono wakitaka tena. Kuna mwanasayansi anaitwa Jaak Panksepp aligundua kwamba panya wakitekenywa wanatoa sauti ya furaha ya kama kilohezi 50 ambayo sikio la mtu haliisikii. Niliona mwenyewe wanavyomfuata mkono na nikaamua kumchukua siku hiyo hiyo.

Sasa lokesheni. Sisi tulishapata stoo ya mahindi kweli kweli pale Kisenyi, vumbi la unga kila mahali, mwanga unaingia kwa mashimo ya mabati, dairekta alikuwa anaiota. Dada akaja kuiangalia, akapiga magoti akaangalia kila kona na tochi ya simu, akamuuliza mwenye stoo, "Mzee wangu, hapa mmeweka sumu lini?" Mzee akajibu bila kusita kwamba sumu iko, inawekwa kila mara. Dada akasema hapana, panya hawezi kutapika, akimeza kidogo tu ndiyo basi, na mahindi ya humu yenye ukungu nayo siwapi. Dairekta alibisha, mimi nilikuwa upande wa dada. Tukajenga kona ya stoo ndani ya studio, mbao mpya, magunia mapya, mahindi yaliyochambuliwa punje kwa punje, na stoo halisi tukashuti bila panya. Ilituongezea gharama ya fundi na siku ya kusogeza ratiba, ila ukiangalia tangazo huoni tofauti, na ubao, magunia na pipa dada aliviomba mapema avikalishe na panya wavizoee harufu.

Siku ya kushuti ratiba ilianza saa kumi jioni kwa sababu mchana panya wamelala, ukimwamsha saa nne asubuhi utapata panya mwenye usingizi anayejisafisha uso tu. Alikuja na watatu, ndugu wa tumbo moja, rangi moja, Simsim, Posho na Boda. Boda ndiye wa kukimbia, Posho wa kusimama na kunusa, Simsim wa kula na kutulia. Kwa mtazamaji ni panya mmoja. Weupe wenye macho mekundu hakuwaleta, wanaona vibaya na mwanga mkali unawaumiza, mjue hilo kama dairekta wenu anapenda panya mweupe.

Kuna kilichotokea ambacho kilinifundisha kuliko yote. Mazoezi Boda alikimbia safi, tukawasha taa zote, kamera tayari, kengele ikalia, na Boda akaganda katikati ya ubao. Masikio mbele, sharubu zimesimama, hasogei. Watu wakaanza kunong'ona. Dada hakumsukuma, hakurudia kengele, alisimama tu anamwangalia, halafu akamgeukia mtu wa taa, "Ndugu yangu, naomba uzime ile ya kushoto." Sisi tulikuwa hatusikii kitu. Akaizima, Boda akatingisha kichwa, akamaliza njia yake yote mpaka kisanduku. Panya anasikia mpaka kama kilohezi 80, sisi mwisho wetu ni 20, na taa nyingine zinapiga mluzi huko juu siku nzima na binadamu hana habari. Tukabadilisha taa na hatukupata shida tena. Yule mtu wa taa sasa anauliza swali hilo hata kwenye kazi za mbwa.

Ile shoti ya punje ndiyo nimeipenda mno. Lenzi ilikuwa karibu sana, dada nyuma yake na kijiti chenye shanga chini kidogo ya kioo ili macho ya Simsim yaje kwetu. Simsim akachukua punje kwa mikono miwili, akaigeuza, akaigeuza tena, akaanza na kiini. Mkulima yeyote anajua hilo, panya anakula kiini anakuachia ganda, na punje hiyo hata ukiipanda haioti. Hatukumfundisha kula namna hiyo, ni tabia yake, lakini kutulia mbele ya kamera huku watu wamesimama kila upande, hiyo ndiyo kazi ya miezi ya dada. Mteja alipoona kwenye skrini alinyamaza, kisha akasema hii ikatwe iwe picha ya bango pia.

Kati ya teki panya walirudi kwenye boksi lao lenye kitambaa cha nyumbani kwao, pembeni, mbali na taa. Panya hatoki jasho, joto linatokea mkiani, kwa hiyo dada alikuwa anashika mkia kila mara na ukiwa wa moto sana kazi inasimama, haijalishi dairekta anasema nini. Anaangalia pia kama kuna machozi mekundu kwenye macho, watu wanadhani ni damu, kumbe ni majimaji ya kawaida yanayozidi panya akiwa na msongo au akiugua. Kule Marekani American Humane wanasimamia wanyama kwenye seti za filamu tangu 1940, hapa kwetu kwenye seti nilizofanya sijaona mtu wa namna hiyo, kwa hiyo huyo dada ndiye mwalimu na ndiye msimamizi, na ukimkodi mkubaliane kabisa kwenye karatasi kwamba neno lake la "basi" ni la mwisho. Sisi tuliandika na liliheshimiwa.

Ambayo yanaweza kuwasumbua: bei anatoza kwa siku nzima, hata ukimaliza mapema, na mazoezi ya wiki kadhaa kabla yake unalipia pembeni. Jumla haikufika nusu ya tulichomlipa mtu wa droni lakini kwa filamu ndogo ya vijana inaweza kuwa nzito, ningependa awe na bei ya wanafunzi. Hapandi bodaboda na panya, unatuma gari lenye kivuli na hewa. Anachelewa kujibu simu akiwa kwenye mazoezi. Na akishasema kitu fulani panya wake hawafanyi, mfano kuogelea kwenye maji machafu au kukaa karibu na paka, usipoteze muda kumbembeleza, badilisha skripti.

Kwenye kikosi chetu kulikuwa na jamaa wa ukoo wa Omusu wa Baganda, na mwiko wao wenyewe ni mnyama wa porini anayefanana na panya, yeye ndiye aliyekuwa anawabebea maji na kuwakatia tango bila kuombwa. Wengine walioanza kwa kupanda juu ya viti, hadi usiku walikuwa wanapanga foleni kumbeba Posho begani.

Nimeshamrudia kwa kazi nyingine, filamu fupi, jiko lililojaa panya usiku. Alinieleza hana panya wengi wa rangi moja kiasi hicho na hawezi kuazima wa mtu mwingine, madume wasiojuana wanapigana mpaka kuumizana, kuwazoesha ni kazi ya polepole. Kwa hiyo tumekubaliana kamera ifungwe pale pale isisogee hata kidogo, hawa hawa watatu wapite mara nyingi njia tofauti, na mtu wa kuediti awaunganishe. Tunashuti mvua zikipungua.