Kiunzi cha mbwa kimekishinda cha binadamu: tathmini ya mwalimu wa anatomia

Nafundisha anatomia ya mwaka wa kwanza kwa darasa mseto: wanaosomea fiziotherapia na wanaosomea tiba ya wanyama hukaa pamoja mpaka masomo yao yatengane. Ndiyo maana nilitaka viunzi viwili kwa mpigo. Cha kwanza ni cha binadamu, kimo cha mtu mzima, chenye rangi mahali misuli inaposhika mfupa na mizizi ya neva kwenye uti wa mgongo. Cha pili ni cha mbwa mkubwa, cha mtengenezaji yuleyule. Vyote ni vya plastiki. Nimefundishia vyote viwili vya kutosha, na nasema bila kusita kwamba cha mbwa kilitengenezwa na mtu aliyefikiria jinsi mnyama anavyotembea. Cha binadamu kilitengenezwa na mtu aliyefikiria jinsi mifupa inavyoonekana ikiwa imesimama tuli.

Nianze na sifa, maana zipo. Mifupa ya binadamu imenakiliwa kwa uangalifu mkubwa. Ukipitisha kidole upande wa chini wa ubavu, unauhisi mfereji unamopita vena, ateri na neva. Modeli nyingi za bei ya chini huuacha ubavu laini pande zote, na mwanafunzi hapati sababu ya kwa nini sindano ya kutoa maji kifuani hupitishwa juu tu ya ukingo wa juu wa ubavu, kamwe si chini yake. Hapa sababu anaishika mkononi. Matundu ya sehemu ya chini ya fuvu yote yako wazi, unaweza kupitisha waya mwembamba. Tangazo linasema mifupa 206, lakini vijifupa sita vya masikio, vitatu kila upande, havimo. Hilo silipi uzito. Ule mfupa mdogo wa kooni, chini ya ulimi, ambao haungani na mfupa mwingine wowote na hushikiliwa na misuli na ligamenti tu, umo, umefungwa kwa waya mahali pake.

Rangi za misuli zimefuata kawaida ya vitabu: nyekundu msuli unapoanzia, bluu unapoishia. Nilizikagua sehemu ninazozijali zaidi nikazikuta sahihi, hata kwenye ile ncha iliyopinda mbele ya kombe la bega, ambapo misuli mitatu inashika eneo dogo sana: mmoja unaishia hapo, miwili inaanzia hapo.

Kasoro zinaanza ukiinua mkono.

Kombe la bega la kiunzi cha binadamu limekazwa kwa skrubu kwenye mbavu. Mwilini hakuna kiungo cha mfupa kwa mfupa kati ya kombe na mbavu. Kombe hukaa juu ya misuli na huteleza juu yake, na mfupa pekee unaouunganisha mkono na kiwiliwili ni mtulinga. Mtu anapoinua mkono mpaka juu ya kichwa, nyuzi 180, takriban nyuzi 120 hutoka kwenye kiungo cha bega chenyewe na 60 zilizobaki hutokana na kombe kuzunguka. Ukilikaza kombe kwa skrubu umeziondoa hizo 60. Mwanafunzi anainua mkono wa plastiki, unakwama njiani, naye anaondoka na picha potofu ya bega. Kesho atapokea mgonjwa asiyeweza kuinua mkono na ataanza kuhangaika na kiungo cha bega peke yake, wakati tatizo huenda ni neva ya ule msuli mpana wa ubavuni unaolivuta kombe mbele na kulizungusha. Kwangu hilo ni jambo kubwa. Niliziondoa skrubu, nikafunga kombe kwa mpira wa kuvutika, na sasa linazunguka.

Kigasha nacho kimefungwa. Mifupa yake miwili imeunganishwa kwa waya juu na chini, haiwezi kupishana. Bado wamepaka bluu sahihi kabisa pale baisepsi, msuli wa mbele ya mkono wa juu, inapoishia, kwenye kinundu cha mfupa wa upande wa kidole gumba. Kinundu hicho ndicho kinachoeleza kwa nini baisepsi, mbali na kukunja kiwiko, hugeuza kiganja kitazame juu. Alama ipo, mwendo wake haupo. Inauma.

Sasa njoo kwa mbwa. Mbwa hana mtulinga wa kufanya kazi, amebakiwa na kisalio tu kilichozama ndani ya msuli. Kwa hiyo mguu wake wa mbele hauna kiungo chochote cha mfupa na kiwiliwili. Kifua kinaning'inia kati ya miguu miwili kama mgonjwa kwenye machela, na machela yenyewe ni misuli. Mtengenezaji alilielewa hili. Ametumia mkanda mpana wa mpira kutoka mbavuni hadi upande wa ndani wa kombe, juu, palepale msuli mkuu wa kazi hiyo unaposhika. Ukibonyeza mgongo wa kiunzi, kifua kinashuka kati ya makombe mawili kisha kinarudi. Takriban asilimia 60 ya uzito wa mbwa hubebwa na miguu ya mbele, na humo ndimo anamotua akiruka. Darasa zima huelewa kwa mbonyezo mmoja kwa nini kishindo hicho hakipandi moja kwa moja hadi kwenye uti wa mgongo.

Kuwa na viunzi hivi sambamba kunafundisha mambo ambayo kimoja pekee hakiwezi. Pingili za shingo ni saba kwa wote wawili, na hata twiga ana saba. Za kiuno ni tano kwa binadamu, saba kwa mbwa. Lile wanafunzi wanaloliita goti lililopinda kinyume kwenye mguu wa nyuma ni kifundo, na ncha yake ni kisigino. Goti la kweli liko juu zaidi. Taya la chini la mtu mzima ni mfupa mmoja, la mbwa ni nusu mbili zilizoungana kidevuni. Galen, tabibu wa kale wa Kigiriki aliyepasua wanyama, alifundisha kwamba la binadamu pia ni mifupa miwili, na fundisho hilo lilitawala kwa karne nyingi mpaka mwanaanatomia Vesalius alipolisahihisha katika kazi yake ya 1543.

Neva ndizo zilizonisikitisha zaidi. Uti wa mgongo wa binadamu una diski za mpira na mizizi ya manjano. Shingoni wamepatia: pingili saba, jozi nane za neva, kwa kuwa ya kwanza hutokea juu ya pingili ya kwanza na ya nane chini ya ya saba. Kiunoni wamekosea. Wameonyesha diski iliyochomoza kati ya pingili ya nne na ya tano ikibana neva ya nne. Mara nyingi inayobanwa hapo ni ya tano, kwa sababu ya nne imeshatoka juu ya diski hiyo, huku ya tano ikiwa bado inapita nyuma yake kuelekea chini. Mgonjwa wa namna hiyo hushindwa kuinua kidole gumba cha mguu, na atakayesomea kwenye modeli hii atatafuta dalili mahali pengine.

Isitoshe, mizizi yenyewe imekatwa urefu wa kifundo cha kidole. Hakuna neva inayofika mkononi wala mguuni. Nimejazia kwa uzi wa sufu wa manjano, na hapo ubora wa mifupa unalipa: mfereji wa mshazari nyuma ya mfupa wa juu wa mkono una kina cha kutosha kuulaza uzi, ukaona kwa nini mfupa ukivunjika katikati kiganja huanguka. Uzi mwingine naupitisha nyuma ya kinundu cha ndani cha kiwiko, na mwingine unazunguka shingo ya mfupa mwembamba chini kidogo ya goti, pale bandeji ya plasta iliyobana sana inapoweza kuua neva na kuacha unyayo ukining'inia.

Stendi ni imara, magurudumu hayakwami.

Anayefundisha wanyama achukue cha mbwa bila wasiwasi. Cha binadamu nakipendekeza kwa aliye tayari kushika bisibisi na uzi. Kabla ya kuagiza, mwombe muuzaji akutumie video ya mkono ukiinuliwa na picha ya diski ya kiuno kwa karibu. Na ukivisafisha, tumia kitambaa chenye maji tu, kwa sababu spiriti hufuta rangi za misuli, za bluu zikitangulia.