Nililipia miguu, wakanionyesha nyuso

Kabla sijatoa nyota hata moja, jueni anayeandika ni nani. Nilikimbia mbio za kuruka viunzi shuleni miaka minne. Upande wa ndani wa goti langu la kulia kuna kovu lenye urefu wa kidole, zawadi ya kiunzi cha mbao ambacho ukikigonga hakianguki, unaanguka wewe. Viunzi vya mashindano ya siku hizi vina huruma: msukumo wa kilo 3.6 hivi katikati ya ubao wa juu unatosha kukilaza. Kwa hiyo nikilipia huduma ya kutazama riadha mtandaoni, ninanunua vitu viwili tu: mita 100 kuruka viunzi wanawake na mita 400 kuruka viunzi wanawake. Tufe, mkuki, marathoni, hivyo nitavitazama vikinikuta nimekaa.

Huduma yenyewe siitaji jina. Ni ya kulipia kwa mwezi, inafungua kifaa kimoja kwa wakati mmoja, na imebeba michezo ya kila aina. Nimeilipia mara mbili: Agosti 2024 kwa Olimpiki ya Paris, na Septemba 2025 kwa Mashindano ya Dunia ya Tokyo. Naweka nyota tatu kati ya tano. Mbili zilizopotea nitaeleza zilipopotelea, na moja kati ya hizo tatu si yao kwa haki, ni ya binti wa kaka yangu.

Tuanze na utepe.

Chaneli kuu ya huduma hii ina utepe wa habari unaopita chini ya skrini. Matokeo ya judo, ratiba ya kesho, nembo ya mdhamini, basi unapita na kupita. Kwenye mpira wa wavu hutauona hata ukiambiwa. Kwenye viunzi umekaa hasa pale miguu inapotua. Mchujo wa kwanza wa mita 400 nilitazama wanawake wenye viwiliwili vizuri sana wakielea juu ya maneno. Nikaona mabega, nikaona mikono, nikaona nywele zimefungwa vizuri. Hatua sikuziona.

Na viunzi husomwa kuanzia kiunoni kwenda chini. Katika mita 100, kiunzi cha kwanza kiko mita 13 kutoka mstari wa kuanzia, halafu kila kimoja kiko mita 8.5 kutoka mwenzake, na cha kumi kikishapita zimebaki mita 10.5. Urefu wake ni sentimita 83.8. Kati ya kiunzi na kiunzi ni hatua tatu, si mbili wala si nne, na zoezi zima la kutua, hatua tatu na kuruka tena linakwenda kwa sekunde moja hivi. Mtu akitua karibu mno na kiunzi alichotoka kuruka, hatua ya kwanza inafupika, anaanza kuvuta ili akifikie kinachofuata, na hapo ndipo mbio zinapoharibika, sekunde nzima kabla uso wake haujajua. Gail Devers wa Marekani, Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, aliongoza fainali mpaka kiunzi cha kumi. Akakigonga, akavuka mstari akijikokota akiwa wa tano, na dhahabu ikaenda kwa Paraskevi Patoulidou wa Ugiriki. Olimpiki ya Beijing 2008, Lolo Jones, naye wa Marekani, alikuwa mbele, akagonga cha tisa, akamaliza wa saba. Ukitaka kujua mambo haya yalianzaje, unatazama miguu. Mimi nilipewa utepe.

Kama hiyo haitoshi, nusu ya pili ya mchujo wakaigawa skrini. Upande mmoja mbio, upande wa pili wachambuzi wa studio wakitazama mbio. Yaani nimelipa pesa yangu nimtazame mtu mwingine akitazama kitu ambacho mimi nimezuiwa kukiona! Mmoja wao, kila kiunzi kilipoangushwa, alishika kichwa na kuuliza kama mkimbiaji atatolewa. Hatolewi. Kugonga kiunzi kwa bahati mbaya si kosa, hata ukiviangusha vyote kumi. Adhabu yako ni muda unaoupoteza na goti lako. Paris pia walikuwa na raundi mpya ya nafasi ya pili kwa wale waliokosa kufuzu kwenye mchujo, na ratiba ya programu ikaiandika tu “mchujo”, kwa hiyo nikawaona watu niliodhani wametoka wamerudi kukimbia, na studio nzima hakuna aliyenieleza kwa nini.

Niliandika malalamiko. Jibu lilikuja baada ya siku tatu, likinishukuru kwa kuwa nao na kunishauri nizime kifaa kisha nikiwashe.

Aliyeniokoa ni huyo binti, ana miaka 11, alikuwa likizoni kwangu. Alichukua rimoti akashuka mpaka mwisho kabisa wa orodha, chini ya mahojiano ya marudio na vipindi vya mapishi, akasema, “Shangazi, mbona hapa kuna uwanja mtupu?” Ilikuwa chaneli ya picha za uwanjani. Haina mtangazaji, haina studio, haina utepe. Kamera ile ile, ila hakuna aliyeichezea. Sauti ni ya uwanja tu: mtu wa kipaza sauti kwa mbali, ukimya kabla ya bastola, kisha kishindo, na katikati ya kishindo ule mlio wa ubao ukigongwa na kiatu chenye misumari. Mlio huo naujua kwa goti.

Hapo ndipo huduma hii ilipoanza kustahili pesa. Njia za Stade de France, uwanja wa riadha wa Paris, zilikuwa za rangi ya zambarau, na miguu juu ya zambarau inaonekana kama imechorwa. Fainali ya mita 400 ya tarehe 8 Agosti niliitazama hivyo, kamera ikiwa mbali, wakimbiaji wote wanane ndani ya picha. Nilikuwa nimemfundisha binti yetu kuhesabu hatua. Katika mita 400 viunzi viko chini zaidi, sentimita 76.2, na vimeachana mita 35. Ukikimbia hatua 15 kati yake, unaruka kwa mguu uleule kila mara. Ukikimbia 14, mguu unabadilika kila kiunzi, kwa hiyo lazima miguu yote miwili iwe imesomeshwa. Wengi tuna mguu mmoja msomi na mwingine mtoro. Sydney McLaughlin-Levrone wa Marekani hana mtoro. Alipita viunzi kama mtu anayevuka mifereji ya njia aliyoizoea, akamaliza kwa sekunde 50.37, rekodi ya dunia, akiivunja yake mwenyewe ya 50.65 aliyoiweka Juni mwaka huohuo. Femke Bol wa Uholanzi, ambaye Julai alikuwa ameshuka hadi 50.95, alikuwa wa pili mpaka kwenye mnyoosho wa mwisho. Kisha ukamwona anazama, si kwa uso, kwa nyonga: zinashuka, kiunzi kinaonekana kimepanda. Anna Cockrell, Mmarekani mwingine, akampita akachukua fedha kwa 51.87, Bol akabaki na shaba, 52.15. Kwenye chaneli ya picha za uwanjani niliona kuzama huko kunaanza. Baadaye nilirudia mbio hizo kwenye chaneli kuu makusudi, na wakati huo skrini ilikuwa na mchambuzi amesimama juu ya kiti.

Sasa nyota ya pili iliyopotea.

Tarehe 10 Agosti, fainali ya mita 100. Mshikilizi wa rekodi ya dunia, Tobi Amusan wa Nigeria, alikuwa ameishia nusu fainali, kwa hiyo mlango ulikuwa wazi. Wafaransa walikuwa na mtu wao, Cyréna Samba-Mayela, na uwanja ulikuwa unapumua kwa ajili yake. Nimekaa ukingoni mwa kiti. Bastola. Kiunzi cha kwanza, cha pili, cha tano, hakuna aliyejitenga. Cha saba. Picha ikaganda. Kale kaduara kakaanza kuzunguka.

Watu wa huduma hizi wajue kitu kimoja. Kuganda kwa sekunde tano kwenye mpira wa miguu ni kama kupiga chafya, ukifungua macho mpira uko katikati bado. Mbio hizi zina sekunde 12 na kidogo. Sekunde tano ni karibu nusu. Ni sawa na fundi wa harusi akate umeme kuanzia bibi harusi anaposhuka garini mpaka wageni wanapopewa soda. Picha iliporudi watu walikuwa wamesimama wakitazama ubao, binti ananiuliza “Shangazi, kashinda nani?” na mimi sina la kumwambia. Masai Russell wa Marekani 12.33. Samba-Mayela 12.34. Jasmine Camacho-Quinn wa Puerto Rico, bingwa wa Olimpiki ya Tokyo 2020, 12.36. Watatu ndani ya sehemu tatu za mia za sekunde, na mimi nilikuwa natazama kaduara. Ile fedha ya Samba-Mayela ndiyo ilikuwa medali pekee ya riadha ya Ufaransa katika Olimpiki waliyoiandaa wenyewe, na kelele za uwanja nilizisikia zikiwa zimeshapoa.

Sijui tatizo lilikuwa upande wao au wa intaneti yangu, kusema haki. Lakini chaneli kuu, niliyoihamia dakika ileile, haikuganda. Chaneli ya picha za uwanjani inaonekana imepewa njia nyembamba, kama mtoto wa kambo.

Niliacha kulipa, nikarudi mwaka uliofuata. Tokyo, Septemba 2025, waliboresha mambo mawili. La kwanza, utepe sasa unaweza kuuzima, ukiingia kwenye mipangilio na kushuka mpaka mstari wa mwisho kabisa, baada ya rangi ya maandishi. La pili ni zuri kupita yote: marudio yana mwendo wa pole, hadi robo ya kasi. Usiku mzima niliutumia hapo. Kwa mwendo huo unaona mguu wa nyuma unavyozungushwa kutoka kiunoni, goti likifika kwapani kabla ya kushuka, jambo ambalo mwalimu wetu alilipigia kelele miaka minne na mimi nikadhani ananionea.

Kisha wakaniharibia. Fainali ya mita 100 ilinipita mubashara kwa sababu ya kazi. Nikazima arifa za simu, nikakwepa watu siku nzima, nikafika nyumbani, nikafungua programu ili nitazame marudio. Kichwa cha video, kwa herufi kubwa, na picha ya bendera ya Uswisi: Kambundji atwaa dhahabu. Jamani! Ditaji Kambundji, mwenye baba kutoka Kongo na dada, Mujinga, ambaye naye ni mkimbiaji wa mbio fupi, hakuwa mtu niliyemtarajia kumshinda Amusan. Alikimbia 12.24, Amusan 12.29, Grace Stark wa Marekani 12.34. Hayo ndiyo matokeo ambayo mtu anatakiwa ayagundue akiwa ameshika kifua, si kuyasoma kama tangazo la msiba. Nilitazama nikijua. Niligundua tu hatua zake baada ya kiunzi cha sita, jinsi zilivyoendelea kuwa za haraka wakati za wengine zinarefuka, na hilo nilirudia mara tisa.

Kama na wewe umekuja kwa ajili ya viunzi, fanya hivi: nenda moja kwa moja kwenye chaneli ya mwisho ya orodha, zima utepe ukilazimika kurudi chaneli kuu, shusha ubora wa picha ngazi moja kabla ya fainali ili isigande (mimi nilijifunza kwa kuchelewa), na marudio yafungue kupitia ratiba ya siku, siyo kupitia ukurasa wa mwanzo wenye vichwa vya habari. Ratiba inaonyesha jina la mbio tu. Kusitisha malipo kunahitaji kubonyeza mara sita na kujibu kwa nini unaondoka. Niliandika “utepe”. Wakanipa punguzo la mwezi wa pili, nikakataa. Mashindano ya Dunia yajayo ni Beijing, Septemba 2027, na binti ameshaniambia rimoti atashika yeye.