Uzoefu wangu: Msitu wa Ngezi, Pemba, mchana na usiku

Nimezaliwa Wete, nimesoma skuli Wete, na mpaka natimiza miaka 34 sikuwahi kuingia Msitu wa Ngezi. Nimepita mara nyingi njia ya Konde kwenda kwenye harusi na maziko ya Makangale, nikauangalia ule msitu kwenye dirisha la gari, basi. Jozani, msitu wa Unguja, nimekwenda mara tatu, maana kila mgeni anayenijia Unguja hutaka kupelekwa huko kuwaona kima punju, wale kima wekundu. Cha kwetu nilikuwa sikijui. Basi Julai hii nilipokwenda kumtazama mama, nikamwambia safari hii twende Ngezi, mimi, yeye na mpwa wangu wa miaka 10, na tukae mpaka usiku tumtafute bundi.

Mama akakataa papo hapo. "Mtu mzima miye, nende kumfuata bundi kwa miguu yangu?" Aliyekulia visiwani anaelewa. Kwetu bundi akilia juu ya nyumba yenye mgonjwa, watu hutazamana, na mtoto hutumwa nje kumfukuza. Nilimwambia bundi huyu hayupo popote duniani ila Pemba. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Hata Unguja hayuko?" Nikasema hayuko. Nadhani hilo ndilo lililomtoa nyumbani.

Safari yenyewe ilianza vibaya. Gari tuliyokodi tangu siku mbili kabla haikutokea, na mwenyewe hakupokea simu. Tukapanda gari ya abiria mpaka Konde, na pale tukapata kijana wa gari ndogo aliyetufikisha getini na kukubali kuturudia baada ya isha. Ukienda, nunua kila kitu Konde: maji, maandazi, betri za tochi. Mbele ya hapo usitegemee duka. Vaa viatu vya kufunika mguu na mikono mirefu, kwa sababu ya mbu na siafu. Na ukitaka matembezi ya usiku, piga simu mapema ili mtembeza wageni abaki. Sisi tulipiga siku moja kabla na tukamkuta anatungoja. Ada tulilipa getini, tukapewa risiti.

Mtembeza wageni wetu alikuwa kijana wa vijiji vya jirani. Alimwamkia mama shikamoo, akamtafutia fimbo, na tangu hapo mwendo wote ukawa mwendo wa mama. Sijawahi kuona adabu kama ile kwenye kazi ya utalii. Alipoona mama anapumua kwa nguvu hakuuliza kama amechoka. Alisimama tu, akaanza kutueleza habari za mti uliokuwa karibu.

Na miti ilikuwa na habari. Ngezi ni kiasi cha hekta 1,440, na ni sehemu kubwa ya kilichobaki cha msitu ambao zamani ulifunika eneo kubwa la Pemba. Sehemu nyengine yote ilikatwa kupisha mikarafuu. Mwaka 1872 kimbunga kiliiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, na tangu hapo karafuu ikawa ya Pemba. Nimekua nikichuma karafuu za babu kila msimu na sikuwahi kujiuliza pale shambani palikuwa na nini kabla. Mama alikuwa akiujua mvule kwa jina na kwa mbao, mlango wa nyumba yetu ni wa mvule, lakini mvule mzima ulio hai, ambao ukiinua kichwa kuutazama mtandio unaanguka, alikuwa hajauona tangu utoto wake.

Kilichonishika zaidi ni mpapindi. Ni mti mwembamba wa jamii ya minazi na mipopoo, unaopenda kivuli, na unaota Pemba peke yake. Ndugu zake wako Madagaska. Hatua chache mbele tukakuta migomba ya mwitu, vindizi vyake vidogo vimejaa mbegu, na asili ya mgomba ule ni kusini-mashariki ya Asia. Halafu popo wetu, yule mkubwa mwenye mbawa zinazokaribia mita 1.6 zikikunjuliwa: jamaa zake wako Komoro, Madagaska na Asia, na bara Afrika hawamo. Sikuwahi kufikiri kwamba msitu unaweza kuwa na udugu na ng'ambo kama sisi wenyewe tulivyo.

Kijana alitueleza sababu kwa maneno mepesi. Mkondo wa bahari kati ya Pemba na bara una kina kinachozidi mita 500. Enzi za barafu, bahari iliposhuka, Unguja iliungana na bara na wanyama wakavuka, ndiyo maana hata chui alikuwako. Pemba ilibaki kisiwa. Aliyefika huku alikaa, akazaana, akabadilika kivyake. Kwa hivyo Pemba ina ndege wanne ambao hawako kwengine kokote: bundi, ninga wa kijani, chozi, na kijindege cha manjano chenye duara jeupe kuzunguka jicho.

Mchana tuliwaona watatu kati ya hao wanne, na ninga tulimsikia kabla ya kumwona. Paa tulimwona kiuno tu, akazama kwenye majani. Tumbili wako wengi na hawana haya. Kima punju wachache waliletwa Ngezi kutoka Unguja miaka ya 1970, lakini huonekana kwa nadra na sisi hatukubahatika. Kwa hiyo ukitaka kima punju wa kupiga naye picha, nenda Jozani, huko watakukalia juu ya kichwa. Ngezi ni ya mtu mwenye subira. Mpwa wangu alilalamika kwa nusu saa ya mwanzo kwamba "hamna wanyama". Alipojifunza kusimama kimya alianza kuwaona yeye kabla yetu.

Kuna sehemu kijana alituonesha kijinjia kilichofagiwa, kinaingia ndani peke yake. Alisema ni cha watu wa mizimu, waganga huja kufanya mambo yao, na wageni hawapelekwi. Mama alisoma aya zake, tukapita. Nilipenda kwamba hakupafanya pahala pale maonesho.

Tulitoka kupumzika, tukaswali magharibi juu ya mkeka karibu na geti, tukanywa chai ya chupa. Hapa nina uchungu wa kusema. Kundi moja la watalii wa ndani, vijana kama mimi, walikuwa wamerudi kutoka ufuo wa Vumawimbi na spika inayopiga muziki kwa nguvu zote, na walipoondoka waliacha chupa za plastiki chini ya mti. Sisi ndio wenye nchi. Msitu huu ukifa hakuna wa kutuletea mwengine, na bundi huyu hana kwengine pa kuhamia. Mpwa wangu aliziokota chupa 11, tukazirudisha Konde.

Halafu usiku. Kijana alitwambia tuzime tochi zote na tusimame. Giza la Ngezi si giza la mjini umeme ukikatika, ni zito, na lina harufu ya majani mabivu na maji. Kwanza walilia komba, na mpwa wangu akanishika mkono kwa sababu komba analia kama mtoto mchanga. Kisha, mbali kidogo, "hu." Kimya. "Hu." Sauti moja moja, kama mtu anayebisha hodi bila haraka. Mwengine akamjibu upande wa pili.

Nilitaka kutoa simu nipige sauti ya bundi niliyoihifadhi, ili aje karibu. Kijana alinizuia kwa upole. Alisema bundi akisikia sauti ngeni hudhani ameingiliwa kwake, huacha kuwinda akaja kupigana na mtu asiyekuwepo, na wageni wakifanya hivyo kila usiku atahama pale. Nilirudisha simu mfukoni, na namshukuru. Tulingoja tu. Baada ya kama dakika 20 alikuja mwenyewe, kijana akawasha tochi pembeni, si usoni mwake, tukamwona. Rangi ya kutu, macho ya manjano, na udogo wake sikuutarajia: hafiki hata urefu wa rula ya skuli.

Mama alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Huyu ndiye aliyekuwa akitukosesha usingizi? Maskini ya Mungu." Kijana akamwambia chakula chake kikubwa ni wadudu, na hasimami juu ya nyumba ila kwa kuwafuata. Mama akauliza anataga mayai mangapi, analala wapi mchana, na kama mvua ya masika haimuui. Maswali mengi kuliko yote niliyouliza mimi siku nzima. Bundi aliruka bila sauti hata kidogo.

Kesho yake, tulipokuwa tunakwenda Chake, tulipitia Kidike kuwaona wale popo wakubwa wamelala, wananing'inia kwa mamia kama miamvuli iliyofungwa, wakigombana na kujipepea. Hapo sitasema mengi, isipokuwa hili: mwishoni mwa miaka ya 1980 popo hawa walikuwa wamebaki wachache hata ikahofiwa watakwisha, kwa kuwindwa na kwa kukatwa miti. Wanavijiji wenyewe ndio walioamua kuwalinda, na leo wanahesabika kwa maelfu. Mama, ambaye alikula popo utotoni kama wenzake wengi, alisimama pale akihesabu kwa kidole mpaka akachoka.

Kama mnaniuliza nitoe nyota ngapi, zote tano kwa msitu na zote tano kwa yule kijana. Ukiwa na siku moja tu Pemba, usiimalizie ufuoni. Nenda Ngezi saa kumi alasiri, kaa mpaka isha, nenda na mtu mzima mmoja anayejua majina ya zamani ya miti, na acha spika nyumbani.

Nimeshampigia simu kijana tena. Msimu wa maembe tutakwenda watoto watano wa familia na mimi, jumla sita. Nilipomweleza mama mpango huo alinikatiza: sisi ni saba, naye yumo, na yule kijana wa gari wa Konde nimwambie mapema asije akatuangusha kama yule wa kwanza.