Rozini ya dabo besi: ipi ununue ukiwa Iringa, Mbeya au Njombe

Mpiga dabo besi, ile ala kubwa ya nyuzi ya sauti nzito, wa Dar akikushauri rozini, kile kipande cha kupaka kwenye upinde, msikilize kwa heshima, kisha nunua iliyo laini kuliko aliyokutajia. Kwake joto linailainisha lenyewe. Huku Njombe, mwezi wa saba, ibada ya kwanza, kipande kinakuwa jiwe na upinde unateleza tu juu ya nyuzi.

Kazi ya rozini ni kuzifanya singa, zile nywele za upinde, ziukamate uzi na kuuachia, mara nyingi kwa sekunde. Nyuzi za besi ni nene, zinataka mnato. Ndiyo maana rozini ya fidla naiweka mkiani mwa orodha yangu: ni kavu, inatoa vumbi jeupe, na besi inaanza kupiga miluzi.

Ya kwanza kwangu ni Pops' ya Marekani. Inanata hasa. Paka mara mbili tatu, upande mmoja tu, kuanzia mkononi hadi nchani. Ukiisugua kwenda na kurudi kama mpiga fidla, singa zinakwama na kukatika. Ubaya wake ni safari. Ya kwangu ilikuja na basi kutoka Dar, ikashinda kwenye buti na jua la Mikumi. Nilipofungua kifurushi Iringa ilikuwa imetiririka kama asali, imeshikana na karatasi. Sasa namwomba msafiri aibebe kwenye begi la mkononi, ikiwa imesimama, maana hata kabatini hujilaza polepole.

Ya pili ni Carlsson ya Uswidi, ngumu kidogo kuliko Pops'. Kama unashuka Kyela kwenye joto kupiga harusini na kesho yake uko Mbeya mjini kwenye baridi, ipandishe iwe ya kwanza.

Kolstein ni ya tatu. Zipo laini, ya hali zote na ngumu. Chukua laini; hiyo ngumu waachie watu wa pwani.

Halafu kuna swali la ndugu zangu wa Mafinga: paina za Sao Hill zinagemwa utomvu, ya nini kuagiza nje? Nilijaribu. Utomvu mbichi bado una tapentaini ndani. Rozini ni kile kinachobaki tapentaini ikishatolewa kwa moto. Singa zikagandana zote. Fundi wa kuzibadilisha sikumpata karibu, upinde ukaenda Dar, kwenye buti la basi.