Mafuta ya kuweka kwenye boksi ya usukani ya gari la zamani, kuanzia la kwanza hadi la kukataa kabisa

Kama una Land Rover Series, Land Cruiser FJ40, Datsun 1200 ama Corolla ya miaka ya 70, na usukani wako hauna pawa, jibu fupi ni hili: nunua oili ya gia EP90 iliyoandikwa GL-4, jaza mpaka usawa wa tundu la kujazia, funga, endesha. Hayo mengine ni ya mtu ambaye boksi yake inavuja na sili hajaipata bado, na huku kwetu Arua, Uganda, hao ndio wengi, ndiyo maana naandika kirefu.

Kabla ya kutoa pesa jua boksi inataka nini. Ndani kuna shafti yenye njia za kuzunguka, na juu yake kuna nati inayotembea kwa gololi, ama kuna roli (kigurudumu kidogo cha chuma), ama kwa magari ya zamani zaidi ni meno yanasuguana na meno tu. Sehemu inayogusana ni ndogo sana na kila shimo la murram linapiga hapohapo. Halafu ukiwa barabara imenyooka, tuseme umevuka Karuma unaelekea Pakwach, usukani unacheza katikati tu, sehemu ileile moja, saa nzima. Kwa hiyo kilainishi kinasukumwa kutoka pale katikati muda wote na lazima kiweze kurudi chenyewe bila kusaidiwa. Kisiporudi, chuma kinakula chuma. Mimi napanga kila kitu kwa kipimo hicho.

Namba moja basi ni EP90 ya GL-4, ama 80W-90 ya GL-4 ambayo kazi yake ni ileile na madukani ndiyo inapatikana kirahisi. Land Rover za Series zilipangiwa EP90, na Toyota na Datsun za wakati ule nazo zinataka oili ya gia ya 90. Hiyo EP maana yake ina dawa ya kubeba mzigo mzito. Watu wanaogopa hiyo 90 wakidhani ni nzito mara mbili ya 40 ya injini, sivyo, vipimo vya gia na vya injini ni viwili tofauti na 90 ya gia inakaribiana na 40 ama 50 ya injini, kwa hiyo inapita vizuri hata asubuhi ya baridi ya Kabale. Angalia sana hapo kwenye GL, yaani daraja la oili ya gia, muuzaji atakuambia GL-5 ni mpya zaidi na bora zaidi, na kwa difu za magari mengi ni kweli, lakini GL-5 ina dawa hiyo karibu mara mbili na baadhi yake inashambulia shaba, na boksi nyingi za zamani zina bushi ya shaba pale shafti inapotokea chini. Kama duka lina GL-5 peke yake, tembea duka la pili. Boksi ya gari dogo haimalizi nusu lita, chupa moja ya lita itakutosha kujaza na kuongezea muda mrefu, kwa hiyo hapa si mahali pa kubana pesa.

Namba mbili ni oili ya 140, ama 85W-140. Hii ni ya boksi inayolia jasho, yaani unaona unyevu na vumbi limeshika chini ya sili lakini hakuna tone linaloanguka. Ni nzito zaidi, inachelewa kutoka, na bado ni oili kamili inayorudi katikati yenyewe. Kwa joto la Pakwach, Adjumani, Moyo naipenda kweli, ukiishi Kisoro utaona usukani mzito kidogo asubuhi mpaka gari litembee. Na hii pia chagua GL-4 ukiipata.

Namba tatu, na hapa nataka tukae kidogo, ni grisi laini ya namba 00. Grisi zina namba za ugumu, ile ya kawaida ya kopo ambayo fundi anapiga kwenye nipo (kile kitundu cha kuingizia grisi) ni namba 2, ukishuka chini kuna 1, kuna 0, kuna 00, mpaka 000 ambayo ni karibu oili. Hiyo 00 ukiimimina inatembea polepole kama uji mzito. Inafaa boksi inayodondosha kabisa, ile unayojaza oili Jumatatu na Ijumaa iko sakafuni. Na msidhani ni ujanja wa gereji za mtaani, Volkswagen wenyewe waliweka grisi laini kwenye boksi za Beetle zenye roli zilizoanza mwanzoni mwa miaka ya 60, kama cc 160 hivi, na Penrite wa Australia wanatengeneza kilainishi maalum cha boksi za usukani za magari ya zamani kikiwa hivyohivyo, kati ya oili na grisi. Hicho Penrite huku ni cha kuagiza. Rahisi zaidi uliza kwa wauza spea za Land Rover pale Kisekka Market Kampala, uliza ile grisi ya vifuko inayowekwa kwenye swiveli (viungo vya kukata kona vya magurudumu ya mbele) za Defender, ni laini ya aina hii na watu wengi wenye Series wanaitumia kwenye boksi. Kwa wauza spea za matrekta kuna grisi ya John Deere ya mashine za kuvuna mahindi, hiyo ni namba 0, ngumu kidogo kuliko 00 lakini bado inatembea, nayo nitaikubali.

Kwa nini isiwe namba moja kama haivuji? Kwa sababu oili inafika kila mahali haraka, inapanda mpaka beringi ya juu usukani ukizungushwa, grisi laini inachelewa. Kama sili zako ni nzima hakuna sababu ya kuachana na oili.

Kuna jaribio la kufanya hapohapo kaunta kabla hujalipa, muuzaji mwaminifu hatakataa. Omba kijiko kimoja kwenye kifuniko cha kopo, kata mstari katikati kwa bisibisi mpaka uone bati, halafu tulia uangalie. Mstari ukijifunga wenyewe mbele ya macho yako, hata kama ni polepole, hiyo inaingia kwenye boksi. Mstari ukibaki wazi kama ulivyoukata, rudisha, usijali kopo limeandikwa nini wala rangi ni nyekundu ama bluu, rangi haina maana yoyote.

Namba nne ni mchanganyiko wa gereji, grisi ya kawaida imekorogwa na oili ya 140 mpaka ilainike. Nimeiona ikifanya kazi na siitukani, ila kila anayekoroga anakoroga kivyake, baada ya muda oili inaweza kujitenga ikavuja na grisi ikabaki imegandamana ukutani. Ichukulie kama ya kukufikisha mwisho wa mwezi wakati sili inatafutwa. Na kama unakoroga, tumia grisi ya lithiamu peke yake, usichanganye makopo mawili ya aina tofauti kwa sababu grisi nyingine zikikutana zinaharibiana.

Namba tano, ya kukataa: grisi ya kawaida namba 2, ile inapigwa kwa bomba la grisi mpaka boksi inajaa. Ndiyo inayofanyika zaidi na ndiyo inayoua zaidi. Kuna Series II ya mzee mmoja hapa mjini ilifunguliwa nikiwepo, boksi imejaa grisi mpaka kwenye mfuniko, ukiona unasema imetunzwa. Ukitoa shafti ndiyo unaona, grisi yote imesukumwa ukutani na imetulia huko, katikati pale usukani unapokaa ukiendesha moja kwa moja njia za gololi ni kavu, zimechimbika vishimo unavyovisikia kwa kucha. Hiyo shafti imekufa, mzee akanunue nyingine, na Series II spea zake siku hizi ni za kuwinda. Haikuvuja hata tone moja, ndicho kilichomdanganya.

Oili chafu iliyotolewa kwenye injini siipi namba, ina masizi na unga wa chuma, usiweke.

Ukibadilisha, toa ya zamani yote kwanza, kwa sindano kubwa ama kwa kufungua mfuniko, na uiangalie. Ikiwa nyeupe kama maziwa maji yameingia, ikiwa na chembe za dhahabu bushi inakwisha na hakuna mafuta ya kutibu hiyo. Inua magurudumu ya mbele, jaza kidogokidogo huku mtu anazungusha usukani taratibu kutoka mwisho mpaka mwisho hewa itoke, kisha ongeza. Usikubali fundi akaze skrubu ya kurekebisha ili kuondoa mchezo wa usukani kabla hajaweka mafuta, na akikaza magurudumu yawe yamenyooka, hizo boksi nyingi zimetengenezwa ziwe zinabana zaidi katikati, ukirekebisha ukiwa umekata kona utabana kupita kiasi ukinyoosha.

Wenye Land Rover Series, kuna relei ya usukani, kiungo cha kati kinachopeleka mzunguko wa usukani kwenye magurudumu, imejificha ndani ya krosmemba (boriti ya kukingama ya chasi) ya mbele, nayo inakunywa EP90 na karibu kila mtu anaisahau. Fungua bolti mbili za juu, mimina kwenye tundu moja, hewa itatokea kwenye la pili. Wenye Peugeot 404 na 504, nyinyi mna reki (chuma cha meno yaliyonyooka), hamna boksi, msijaze oili ya gia huko. Na kama usukani wako una pawa, kama Mercedes nyingi za W123, hapo ni oili nyembamba ya pawa ama ATF (oili ya giaboksi za otomatiki) kulingana na kitabu cha gari, ukiweka 90 utaua pampu.