TAHADHARI: Kuna mtu anauza safari ya kuangalia ndege Rubondo kutokea Mwanza, msimtumie hela

Ndugu zangu wa Mwanza, na nyie wa Geita, Shinyanga na Simiyu mnaopanga kuja huku, naomba msome hii kabla hamjatuma hata shilingi. Kuna mtu anatangaza safari ya siku tatu kwenda kisiwa cha Rubondo kuangalia ndege. Ana ukurasa Instagram, picha kali, anajibu haraka, anaongea kwa adabu, na bei yenyewe sio ya kukushtua, laki nne na nusu kwa kichwa, boti, kulala, chakula na kiingilio vyote humo. Sisi tulikuwa wanne, tukampa laki tisa ya kianzio, mpaka leo hakuna safari na hakuna hela. Jina analotumia siliweki hapa kwa sababu suala liko polisi, halafu hata mkilijua haliwasaidii, nimeshaona ukurasa mwingine wenye picha zilezile na jina jipya. Nawapa anavyofanya kazi.

Safari ilikuwa ya baba yangu. Mzee amefundisha baiolojia sekondari miaka thelathini na kitu, sasa amestaafu, tunakaa Luchelele na kila asubuhi anatoka barazani na chai yake na darubini anaandika kwenye daftari, mnandi wangapi wamepita, furukombe amelia saa ngapi, mdiria yupo kwenye waya au hayupo. Hayo madaftari yapo tangu sijazaliwa. Rubondo hajawahi kufika, na ni hapohapo kwenye ziwa letu, kilomita kama 150 magharibi ya Mwanza. Basi mimi na wadogo zangu wawili tukachanga mwaka mzima ili tumpeleke mwezi wa kwanza, maana mwenyewe alitaka msimu ambao wale ndege wageni wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia bado wapo huku, kuanzia kama mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne.

Sasa hapa ndo pananiuma. Tangazo lilikuwa na picha ya korongo nyangumi, yule mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu, kasimama kwenye mafunjo na mtumbwi wa watalii pembeni. Nikamwonesha baba nikijua atafurahi. Akavaa miwani, akaangalia kimya, akaniuliza, "Mwanangu, huyu wamesema tunaenda kumwona wapi?" Nikamwambia Rubondo. Akasema hapana, huyu makazi yake ni mabwawa makubwa ya mafunjo anakovizia kamongo, Waganda wanampeleka mtu kwa mtumbwi kule Mabamba karibu na Entebbe, na kwetu Tanzania ni wa kule Malagarasi na Moyowosi, upande wa Kigoma na Tabora. Hiyo picha sio ya Rubondo.

Nikamuuliza yule muuzaji. Akanitumia sauti WhatsApp, eti wapo wengi sana, asubuhi wanakuja wenyewe kwa wavuvi wa pale kisiwani kuomba samaki. Baba aliposikia akasema na hilo nalo sio kweli, Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu 1977 na uvuvi wa biashara ni marufuku, samaki wanazaliana pale kwa amani ndo maana furukombe wamejaa, hao wavuvi wa kuombwa samaki ni wapi. Mimi nikaona mzee anakuwa mgumu tu, nikasema huyu ni kijana wa biashara labda kakosea, tukishafika atakuwepo mwongoza wageni anayejua. Nikatuma hela siku ileile. Baba aliniambia ukweli mara mbili na nikaupita, na hii siandiki kujilaumu mbele za watu, naandika kwa sababu najua kuna mtu sasa hivi ana wasiwasi na jambo kama hilo na anajiambia ni dogo. Sio dogo. Mtu anayeuza safari ya ndege halafu hajui ndege gani yuko wapi, huyo hata huko anakosema hajafika.

Hela ilienda kwenye lipa namba, jina lililotokea ni la mtu binafsi tofauti kabisa na jina la kampuni. Nikauliza, akasema ni mhasibu wao. Baada ya siku mbili akatuma "risiti ya hifadhi", karatasi nzuri ina nembo na muhuri, mimi nikaridhika. Kumbe haina kontroo namba. Jamani shikeni hili, hela ya hifadhi za taifa hailipwi taslimu getini wala kwenye simu ya mtu, inalipwa kwa kontroo namba ya serikali, na wewe mwenyewe unaweza kuilipa benki au kwa simu yako. Mtu akisema amekulipia kiingilio mwambie akutumie hiyo kontroo namba, kisha piga simu ofisi ya hifadhi uwaulize kama jina lako lipo. Mimi nilikuja kupiga mambo yameshaharibika, yule dada wa ofisini alinijibu kwa upole kabisa kwamba tarehe hizo hakuna kundi kama letu.

Wiki moja kabla ya safari akaanza kubadilika. Mwanzo alisema boti ya mwendo kasi inatoka Mwanza mjini moja kwa moja mpaka kisiwani. Sasa eti ziwa limechafuka, tutapita barabara, kila mtu aongeze elfu thelathini na tano ya gari na ya kivuko cha Kigongo kwenda Busisi. Kivuko! Daraja limefunguliwa Juni 2025, kila mtu wa huku anapita juu ya daraja, huyu bado ananidai hela ya kivuko. Hapo ndo nikajua huyu hata Mwanza hayupo, anaandika akiwa sehemu nyingine kabisa. Nikakataa kuongeza. Akasema sawa dada hamna shida, tukutane Ijumaa stendi ya Nyegezi saa kumi na mbili asubuhi.

Tukaenda. Najua mtaniuliza kwa nini, ni kwa sababu laki tisa ilikuwa imeshatoka na baba alikuwa amefungasha tangu Jumatano. Tumekaa pale mpaka saa tatu, mzee kavaa kofia yake na darubini shingoni, simu ya yule mtu haipatikani, WhatsApp ameshanibloki. Pembeni yetu walikuwa mke na mume wametoka Shinyanga usiku na mtoto wao, wanangoja gari hilohilo. Wao walikuwa wamelipa yote.

Kwa mnaotaka kwenda kweli, njia ya kawaida ya barabara ni Mwanza, unavuka daraja, Geita, Chato, mpaka Kasenda karibu na Muganza, hapo ndo unachukua boti kuvukia kisiwani na safari ya majini sio ndefu. Malazi ya hifadhi yapo palepale kisiwani. Akikutajia njia nyingine muulize maswali mpaka achoke. Kampuni iangalie BRELA, wale wakala wa serikali wa kusajili kampuni, kama imesajiliwa, omba na leseni ya biashara ya utalii, mwenye nayo hakasiriki ukimwomba.

Kama umeshatuma hela, pigia mtandao wako wa simu dakika hiyohiyo wazuie muamala, mimi nilichelewa wakaniambia imeshatolewa. Ile namba iripoti kwa kuituma 15040, halafu nenda kituo cha polisi ukachukue RB, yaani namba ya taarifa yako, na zile sauti na meseji usizifute hata kama zinakutia hasira.

Jumapili yake tulimpeleka baba hifadhi ya kisiwa cha Saanane, boti ya dakika chache tu kutokea Capri Point, tukalipa wenyewe kwa kontroo namba. Hifadhi yenyewe ni ndogo, kilomita za mraba mbili na kitu pamoja na maji yake, lakini aliandika kurasa nne. Rubondo bado anaiulizia.

Wale wa Shinyanga tunawasiliana. Polisi wametuambia tukiwa walalamikaji wengi jalada linapata nguvu, kwa hiyo kama na wewe ulilipia safari ya Ijumaa ile ya mwezi wa kwanza, au nyingine yenye picha ya huyo korongo, chukua RB yako hapo ulipo kisha niandikie inbox nikupe namba ya jalada letu.