Kiyoyozi Kipya cha Paa la Gari-nyumba: Uchambuzi kutoka Moshi

Watazamaji wapendwa, karibuni. Gari-nyumba mnaloliona hapa liliingia nchini kutoka Marekani, likiwa na kiyoyozi cha paa kilichoundwa kwa umeme wa volti 115 na hezi 60 (hezi ni idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde), ilhali umeme wetu ni wa volti 230 na hezi 50. Nilinunua transfoma ya kushusha volti nikaamini kwamba kazi imekwisha. Ukweli ni kwamba transfoma hubadili volti peke yake. Hezi hubaki zilezile 50, na mota iliyotengenezwa kwa hezi 60 huzunguka taratibu zaidi huku ikipata moto. Kompresa yangu, yaani pampu ya gesi inayoendeshwa na mota hiyo, iliungua.

Hiki kipya kimeundwa kwa volti 230 na hezi 50, kina nguvu ya BTU 13,500 kwa saa, yaani uwezo wa kuondoa joto la takriban kilowati 4, na sifa yake kubwa kwangu ni kwamba hakihitaji transfoma yoyote. Hata hivyo, kabla hamjaagiza cha aina hii, pandeni juu mkapime tundu la paa ambamo kiyoyozi hukaa. Magari mengi ya Marekani huwa na tundu la inchi 14 kwa 14, karibu sentimita 36 kila upande, lakini viyoyozi vingi vya Ulaya huhitaji sentimita 40. Sisi tulilazimika kulipanua, na tulipomaliza kukata, fundi alizungushia fremu ya mbao ndani ya unene wa paa ili bolti zikikazwa paa lisibonyee. Tafadhali msiruke hatua hiyo, na hakikisheni kwanza kwamba hakuna waya unaopita mahali pa kukatia.

Sehemu iliyonitia wasiwasi zaidi ni gasketi, yaani kizibo laini kinachokaa kati ya kiyoyozi na paa kuzuia maji, kwa sababu mvua za masika hazisamehi tundu lililozibwa vibaya. Gasketi inatakiwa ibanwe hadi kufikia takriban nusu ya unene wake, kwa kukaza bolti nne kidogo kidogo na kwa kupishanisha pembe. Ukikaza upande mmoja hadi mwisho, upande wa pili utaachia maji. Fundi alitaka kuongeza silikoni chini yake, nikamwomba asifanye hivyo, kwa kuwa gasketi hukaa vizuri juu ya paa safi na kavu, na siku ya kuibadilisha silikoni ile huwa taabu kuibandua. Mkiona maji yakichuruzika juu ya paa wakati mashine inafanya kazi, msishtuke: huo ni unyevu uliotolewa hewani. Yakidondoka ndani, hapo kuna kasoro.

Tuliegesha juani hapa Moshi saa nane mchana, na hewa ya ndani ilipoa vizuri kabla ya dakika 60 kuisha. Kasoro ninayoiona ni kelele: feni ikiwa kwenye kasi ya juu, mtu aliyelala chini yake hapati usingizi.

Kwa wanaotumia jenereta, kumbukeni kwamba injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) hupoteza takriban asilimia 3 hadi 4 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Arusha iko karibu mita 1,400, kwa hiyo jenereta inayowasha kompresa hii bila shida Tanga inaweza kuzimika pale, maana kompresa inapoanza huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule inaotumia ikishatulia. Chagueni jenereta kwa kuangalia mzigo huo wa kuanzia.